Cheka Kidogo, Binti

Mwaka 1871, mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, mji wa Tabora ulipungukiwa na pembe. Za Manyema zilikwama ng'ambo ya ziwa, na ghala za matembe ya Kwihara zikabaki na popo. Matajiri walikaa barazani wakinywa kahawa, wakitazama magharibi, wakitukana. Ndipo asubuhi moja ya kiangazi, bila kuwindwa wala kuitwa, ndovu wawili wakaingia mjini kwa miguu yao wenyewe, mama na binti, wamekuja kununua shanga.

Mama Nyamizi alikuwa amemwahidi binti yake safari hiyo tangu masika. Nyamizi alikuwa amefikia umri wa kupelekwa kwa shangazi zake wa mto Ugalla, na shangazi wa ndovu ni kama shangazi wa watu: hukutazama nguo kwanza, tabia watakuja kuiuliza baadaye kwa majirani. Mama alifunga vilindo viwili vya asali ya miombo, akaongeza tita la chumvi ya Uvinza iliyoachwa na bibi yake Nyamizi. Bibi mwenyewe alikuwa amekwenda mashariki pamoja na msafara miaka mitatu nyuma. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani, "amekwenda na msafara", na hakuna aliyerudi kueleza amepata kazi gani huko.

Walilala nje ya Kwihara, na kulipopambazuka wakafuata njia kuu, chini ya miembe. Njia hiyo ilikuwa na adabu zake. Misafara miwili ikikutana, mmoja uliupisha mwingine, au ilipigana. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na mizigo begani, kirangozi mbele na manyoya kichwani, ngoma nyuma. Nyamizi alisimama kando na kuwaangalia. Aliona wamebeba vitu virefu, vyeupe, vilivyofungwa kwa kamba za magome, na vile vikubwa vilibebwa na watu wawili wawili.

"Mama, vile ni nini?"

"Mizigo ya watu. Usikodolee."

Penye kizuizi cha mji walimkuta Kunguru, karani wa Simba, amevaa kizibao chake cheupe. Simba alikuwa akitoza hongo kila kipitacho. Alisema amejifunza kwa Wagogo, ingawa wapagazi waliokwisha kupita Ugogo walisema kwamba Wagogo angalau hukuuzia maji baada ya kukutoza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Frasila ngapi?"

Mama Nyamizi akatazama vilindo vyake. "Asali peke yake haipungui frasila tatu."

"Asali haina haja, mama." Kunguru akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama mama mdomoni, kisha binti, akaandika. "Frasila moja na robo. Mnaweza kupita."

"Na hongo?"

"Mtalipa mkitoka."

Daftari la Kunguru lilikuwa na safu mbili. Juu ya safu ya kwanza palichorwa nyayo, na juu ya ile ya pili palichorwa kamba. Nyamizi, ambaye hakujua kusoma lakini macho alikuwa nayo, aliona wameandikwa upande wa kamba, chini ya mistari kumi na minne ambayo kila mmoja ulikuwa na umbo la mtu mwenye kitu shingoni.

"Mama, ametuandika kule kwenye kamba."

"Makarani wana utaratibu wao. Twende, jua litatukuta."

Nimewahi kuwasikia mama wengi wakitamka sentensi hiyo mbele ya madirisha ya ofisi, kwa sauti ileile, huku wakimvuta mtoto mkono. Sina la kuwalaumu. Foleni ni ndefu na mtoto huuliza kila kitu.

Sokoni walianza na shanga. Ni lazima nikae hapa kidogo, kwa sababu shanga ndizo zilizokuwa akili ya biashara nzima ya barabara ile. Burton, msafiri Mwingereza, alipofika Tabora mwaka 1857 wakati mji ukiitwa Kaze, tajiri mkubwa aliweza kufilisika kwa punje za kioo. Shanga zilitengenezwa Venice, zikapakiwa merikebuni hadi Unguja, zikabebwa kichwani miezi mitatu, na zikifika huenda zikakuta wanawake wa Unyanyembe wamekwisha kuzichoka. Nyekundu za samesame zilipendwa karibu kila mahali, lakini rangi nyingine zilikuwa na nchi zao na misimu yao. Ukipeleka nyeusi penye kutakiwa nyeupe, bora ungebeba kokoto, kwani kokoto ungeziokota hukohuko. Kwa hiyo wauzaji walijua kusoma sura za wasichana kuliko mahakimu wajuavyo kusoma sura za wezi.

Muuzaji alikuwa Nguchiro. Alimwaga samesame juu ya jamvi, zikang'aa kama punje za damu.

"Karibu, mteja wangu wa asubuhi! Hizi kwako ni bei ya kutupa. Lakini hebu cheka kidogo, binti, nione rangi itakayokupendeza."

Nyamizi akacheka.

"Mashaallah," akasema Nguchiro. Akachukua ufito, akausogeza shavuni mwa binti kama anayepima shanga, akatia alama ya ukucha kwenye ufito. "Bado kalasha. Lakini ana mwaka wa mvua nzuri mbele yake."

"Kalasha ni nini?" akauliza Nyamizi.

"Ni jina la mapenzi."

Mama aliridhika. Mzazi gani haridhiki mtoto wake anaposifiwa hadharani? Akafungua kilindo cha asali ili alipe, na Nguchiro akakisukuma kwa upole. Asali siku hizi haitembei, akasema. Asali inavuja njiani, inaita nyuki, wapagazi wanailamba. Wachukue tu shanga, kamba sita, wavae. Kuna mzee mmoja nyuma ya soko anayeshughulika na hesabu.

Kwenye nguo ndipo walipogombana, maana siku ya kwenda sokoni haijakamilika mpaka mama na binti wanuniane. Mama alitaka kaniki. Kaniki ni nyeusi, haionyeshi uchafu, na yeye aliolewa na kaniki. Nyamizi alitaka merikani, kitambaa kile kizito cheupe kilichotoka Salem, Massachusetts, kikajiita kwa jina la kwao. Tumbili, muuza nguo, aliapa kuwa jora lililokuwa mbele yao lilikuwa merikani halisi. Baada ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe kuanza 1861, viwanda vyao vilikosa pamba, na kitambaa kingi kilichouzwa kwa jina hilo kilikuwa cha Mwingereza au cha Bombay. Tumbili alilijua hilo. Aliapa tu kwa sababu kuapa hakukuwa na hongo.

"Kaniki ni ya wazee," akasema Nyamizi.

"Mimi mzee?"

"Sikusema wewe."

"Umesema nani? Kuna mwingine hapa aliyevaa kaniki?"

Tumbili alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya ufupi wa mkono wake. Doti ni mikono minane, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na tajiri mwenye busara hampi kazi ya kupima mtu mwenye mkono mrefu. Alipima, akapima, akapima tena. Jora zima lilifunika sikio moja la Nyamizi. La pili lilifunika sikio la pili. Kwa mwili walifika majora kumi na saba, na kila jora lilipofunguliwa, Tumbili alisema, "Cheka kidogo, binti, nione linavyokukaa."

Mama aliijua methali isemayo kukopa harusi kulipa matanga. Alikuwa akiitumia kwa majirani mara kwa mara. Lakini methali haijawahi kumzuia mzazi aliyekwisha kumwona mwanawe amependeza, na binti yule, akiwa ameviringishwa nguo nyeupe katikati ya soko la Tabora, samesame shingoni, alipendeza mno. Asali ikakataliwa tena. Na chumvi ikakataliwa pia, jambo ambalo lingemstua mama yeyote siku nyingine, kwa kuwa chumvi ya Uvinza haikuwahi kukataliwa na mtu mwenye sufuria.

Wakati huo barazani kahawa ilikuwa imesahauliwa. Matajiri walisogeza vichwa pamoja. Pembe moja ya Manyema ilihitaji bunduki, baruti, mwindaji, mpagazi, posho ya mpagazi miezi mitatu, hongo ya kila mtemi, na mpagazi mwingine wa kwanza akifa. Hawa wawili walikuwa pembe zinazojibeba zenyewe. Tena walikuwa wakitembea kuelekea mashariki, duka kwa duka, na gharama yao mpaka sasa ilikuwa nguo ambazo zingevuliwa bila kuchanika endapo mambo yangefanywa kwa uangalifu.

"Msiwaharakishe," akasema mmoja. "Waacheni wafurahi."

Duka la mwisho lilikuwa la Nungunungu, aliyeuza bangili. Zilipangwa juu ya kitambaa cheusi, nyeupe na za rangi ya maziwa ya mtindi, pana na nyembamba. Nyamizi alichagua moja pana, akaivaa kwenye mkonga, kisha akatulia.

"Mama. Inanukia kama bibi."

Mama Nyamizi alinyoosha mkonga. Ndovu wakikuta mifupa ya mwenzao porini husimama, wakaigusagusa polepole, wakaigeuza, na hawana haraka ya kuondoka. Mama alifanya hivyo hapo dukani. Aliigusa bangili kwa ncha ya mkonga, ndani na nje, akafuata mkwaruzo mmoja mdogo pembeni, akaurudia. Nungunungu alidhani anatafuta ufa ili apunguziwe bei.

"Safi hiyo, mama, haina kasoro. Jino la jike. La dume ni kubwa lakini la jike lina uzi mzuri. Haya unayoyaona hapa ni makombo tu, sisi tunachonga vilivyovunjika. Mzigo wenyewe hushuka Bagamoyo, ukavuka Unguja. Mwingine huenda Ulaya, wakachonga mipira ya biliadi, hapo hawataki ila la jike. Mwingine huenda Marekani, mahali panaitwa Deep River, Connecticut. Huko hulikata vipande vyembamba kama kucha, wakavipanga kwenye sanduku. Kisha jioni binti hukaa kando ya mama yake, akavigonga kwa vidole, ukatoka muziki. Wanasema nyumba isiyokuwa na sanduku hilo, binti wake haolewi."

"Na mwenye jino?" akauliza mama. "Yeye huenda wapi?"

"Mwenye jino hana nauli," akasema Nungunungu, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mwaminifu alisema bila kuficha uso.

Nyamizi alianza kuivua bangili. Mama akamzuia. "Ivae," akasema. "Hiyo ndiyo pekee tunayoichukua bila deni." Kisha akamgeukia Nungunungu. "Huyo mzee wa hesabu anakaa wapi?"

Mzee Kupe alikaa nyuma ya soko, katika tembe lenye dari nene la udongo na boriti za mninga. Hakuwa na bidhaa hata moja. Alikuwa na daftari, mizani kubwa iliyoning'inizwa darini kwa ndoana, na mwili wa kijivu ulionona kiasi kwamba miguu yake haikugusa mkeka. Aliwakaribisha kwa unyenyekevu mkubwa. Alisema hawadai chochote. Alisema neno "kudai" lenyewe humuumiza kichwa. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu tu.

Kumbukumbu ilianzia kizuizini. Hongo ya kuingia. Kivuli cha miembe, kwa kuwa miembe ilipandwa na watu. Maji waliyokunywa, na maji ambayo wangekunywa kama wangekuwa na kiu zaidi. Shanga, kamba sita. Nguo, majora kumi na saba kwa mkono wa Tumbili. Muda wa wauzaji. Ushauri wa rangi. Bangili, ikaingizwa mara mbili: mara kama bangili, mara kama urithi wa familia, wenye thamani ya huzuni. Riba ilihesabiwa tangu jana yake, walipolala nje ya Kwihara na kukusudia kuja. Chini kabisa paliandikwa dhamana: kwa mama, buri mbili, mara moja, kwa binti, kalasha mbili, zitakapokua.

"Zitakapokua?" akasema mama.

"Hatuna pupa. Tunamwacha nazo. Anazitunza yeye, anakula majani yake mwenyewe, zinarefuka. Sisi tunazimiliki tu."

Msomaji wa Tabora ya leo ambaye jirani yake alibebewa godoro na friji mchana kweupe kwa mkopo wa kausha damu, mkopo uliotolewa kwa tabasamu na picha ya kitambulisho, huenda akaona Mzee Kupe alikuwa mpole kupita kiasi. Ni kweli. Alikuwa mwanzilishi, kazi zote mwanzoni huwa na haya kidogo.

Mama Nyamizi aliinamisha kichwa. "Mzee wangu, mimi nimelelewa nisilale na deni. Nataka kulipa sasa hivi, yangu na ya mtoto. Pima."

Kupe alistuka kwa furaha mpaka akageuka rangi. Nje ya mlango matajiri walikuwa wamekwisha kusimama na shoka.

"Basi tumwite fundi akuchomolee..."

"Daftari lako limesemaje pale juu?"

Kunguru, aliyekuja na daftari lake kwa ajili ya ushahidi, akasoma: "Wawili. Frasila moja na robo."

"Linasema 'wawili'. Je, linasema 'bila wenyewe'?"

Kunguru akafunua ukurasa mbele, akafunua nyuma. Alikuwa na kasoro nyingi lakini alikuwa karani wa kweli, na hakuweza kusoma kisichoandikwa. "Halisemi," akakiri.

"Basi pima wawili."

Mama akainua kichwa, akapitisha meno yake kwenye ndoana ya mizani, akamwambia Nyamizi ashike mkia wake, akakaa kitako. Mizani ile ilitengenezwa kupima mali iliyokwisha kufa. Boriti ya kwanza ya mninga ilipiga kelele, ya pili haikupata muda. Dari la tembe la Kinyamwezi ni udongo wa pembe hadi pembe, na udongo wote ule ukashuka juu ya kumbukumbu, riba, mkeka na shoka mlangoni. Vumbi lilionekana hadi Itetemia.

Walitoka kupitia mahali palipokuwa na ukuta. Tumbili alilia majora yake. Nguchiro alilia kamba sita, kisha akakumbuka ufito wake wenye alama na kwenda kuutafuta kwenye kifusi. Simba alituma mjumbe kuuliza kama dari lililoanguka hulipiwa hongo ya kutoka. Kunguru, akiwa amepoteza kizibao, alifungua ukurasa mpya na, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akawaandika ndovu upande wa nyayo, maana kwa wakati huo ndicho kitu pekee alichokuwa akiona cha kwao.

Watu wa Tabora hawakuacha kuwapenda ndovu kwa sababu ya tukio hilo. Reli ilifika mwaka 1912, mpagazi akapumzika, na mwaka 1916 Wadachi, vita vikiwa vimewabana na pesa zikiwa zimewaishia, walifua hapahapa sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Upande mmoja waliweka tai wao. Upande wa pili waliweka ndovu, mkonga juu, meno yakionekana vizuri. Fundi aliyechonga sura ile nadhani naye alisema "cheka kidogo". Miezi michache baadaye Wabelgiji waliuteka mji, na sarafu zile leo huuzwa kwa bei ambayo Mzee Kupe angeiheshimu.

Mama na binti hawakupita tena njia kuu. Walikata kwenye miombo, vilindo vya asali bado vimejaa, mpaka wakafika kwenye dimbwi la tope lililobaki na maji kidogo. Nyamizi alikuwa mweupe pepepe katika merikani yake, vumbi limemkaa mabegani, bangili ya bibi mkongani. Hakuwa amesema neno tangu mjini.

"Ingia uoge," akasema mama.

"Itachafuka, mama."

"Vua basi."

Nyamizi alishika upindo wa nguo, akausogeza, akauachia. Ilikuwa nguo ya kwanza maishani mwake, na shangazi walikuwa bado hawajaiona.

"Asivue!" ikasema sauti nyembamba. "Na tope asiingie! Nguo hiyo haijalipiwa hata mkono mmoja!"

Mama na binti wakatazamana. Sauti ilitoka karibu sana, ilikuwa na unyenyekevu uleule, na ilikuwa imekwisha kunenepa kidogo.

"Sikio lipi?" akauliza mama.

"La kushoto, nadhani," akasema Nyamizi, akaanza kufungua jora la kwanza.